Mzaha wa Takriri na Mwisho Wake: Mifano Minne kutoka Historia ya Vichekesho vya Watoto vya Televisheni

UTANGULIZI

Anayesikiliza hadithi za watoto katika vinywa vya watambaji wetu hukutana mara kwa mara na jambo ambalo msomaji wa riwaya angelihesabu kuwa kasoro, nalo ni takriri. Zimwi hubisha mlango mara tatu kwa maneno yale yale. Wimbo wa ndege hurudiwa katika kila kituo cha safari. Fisi hudanganywa leo, akadanganywa kesho, na kesho kutwa akaja tena kudanganywa kana kwamba hajapata kukutana na Sungura maishani mwake. Hadithi hizi zinapotiwa kitabuni, marudio hayo mara nyingi hupunguzwa kwa kuhofiwa kwamba yatamchosha msomaji. Lakini mtoto aliyeketi jikoni kusikiliza hachoki. Yeye huyangojea marudio hayo, na yakikosekana humkatiza mtambaji na kumwambia kwamba hadithi haiendi hivyo.

Makala haya yanakusudia kuichunguza takriri mahali ambapo wanafunzi wa fasihi simulizi hawajazoea kuitafuta, yaani katika vichekesho vya watoto vya televisheni huko Marekani, Uingereza na Kanada tangu mwaka 1947. Tutatumia istilahi mzaha wa takriri kwa maana ya mzaha ambao hutolewa tena na tena katika mchezo wa mfululizo, kwa sura ile ile au inayokaribiana nayo, hata hadhira ikawa inaujua kabla haujatokea. Huenda msomaji akauliza ni kwa nini jarida la lugha za Kiafrika lijishughulishe na vikaragosi vya New York. Jibu letu ni kwamba katika nchi hizo mchezo wa televisheni ulitungwa kwa ajili ya watoto mapema, ukaonyeshwa kwa miaka mingi mfululizo, na tarehe zake zikawekwa. Kwa hiyo tunaweza kuona jambo ambalo katika utambaji wa jikoni ni gumu kuliona, yaani jinsi mzaha mmoja unavyozaliwa, unavyokua, na unavyokufa.

Hoja yetu ni kwamba mzaha wa takriri ni mapatano kati ya mchezo na mtoto. Mchezo huahidi kwamba jambo fulani litatokea kila mara, na mtoto, kwa upande wake, hukubali kucheka kila mara. Uzito wa mapatano haya hauonekani wakati yanapotimizwa; huonekana siku yanapovunjwa. Kwa sababu hiyo tutashughulika na miisho zaidi kuliko mianzo.

KICHOCHEO NA JIBU

Kabla ya kuingia katika mifano yenyewe, yafaa tueleze jinsi mzaha wa namna hii unavyofanya kazi. Una sehemu tatu. Kwanza kuna kichocheo, ambacho huweza kuwa neno, kitendo au kuingia kwa mhusika fulani. Pili kuna muda wa kungojea, hata kama ni wa sekunde mbili tu. Tatu kuna tukio lenyewe. Katika kichekesho cha kawaida kicheko hutokana na jambo lisilotazamiwa; katika mzaha wa takriri hutokana na jambo lililotazamiwa mno. Mtoto hufurahi kwa sababu amejua kabla ya mhusika, na kwa muda huo mfupi yeye ndiye mwenye elimu, na mtu mzima aliye mbele yake ndiye mjinga.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa sana juu ya kichocheo na jibu. Mtambaji asemapo "Paukwa!" na hadhira ikaitika "Pakawa!", hakuna habari yoyote mpya iliyotolewa. Lililofanyika ni kwamba wasikilizaji wametiwa ndani ya hadithi, na wamekubali kuwa sehemu yake.

Mfano ulio karibu sana na huu ni ule wa Crackerjack, mchezo wa BBC ulioanza mwaka 1955 chini ya uongozi wa Eamonn Andrews, ukaendelea hadi 1984, na kufufuliwa tena mwaka 2020. Kila mara jina la mchezo lilipotamkwa jukwaani, watoto waliokuwa ukumbini walilirudia kwa kelele kubwa. Kiongozi aliweza kulitamka kwa makusudi, au likamponyoka katikati ya sentensi; ilikuwa mamoja, kelele zilikuja. Chanzo cha desturi hii si televisheni. Waingereza walikuwa na michezo ya jukwaani ya msimu wa Krismasi, ambamo kwa vizazi vingi watoto wamekuwa wakimpigia mhusika kelele kumwonya kwamba zimwi liko nyuma yake, naye hugeuka akakuta zimwi limekwisha kujificha. Tuuweke akilini mfano huo wa zimwi la nyuma, kwa maana tutakutana nao tena katika sura nyingine kabisa.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa kati ya baraza na televisheni. Mtambaji humwona msikilizaji wake, lakini mwigizaji wa televisheni hamwoni mtoto aliyeko nyumbani. Watungaji wa mwanzo waliliziba pengo hili kwa kuwaweka watoto wachache studioni ili waitikie kwa niaba ya maelfu wasioonekana. Hivyo ndivyo alivyofanya Bob Smith wa Howdy Doody, ambaye ndiye mfano wetu wa kwanza.

CHALE ASIYESEMA

Howdy Doody ulianza kuonyeshwa na shirika la NBC huko New York tarehe 27 Desemba 1947, wakati ambapo nyumba nyingi za Marekani hazikuwa bado na televisheni. Howdy Doody mwenyewe alikuwa kikaragosi cha kamba, mvulana mwenye madoa usoni. Smith, aliyejiita Buffalo Bob, alifungua kila kipindi kwa kuwauliza watoto ni saa ya nini, nao wakamjibu kwa pamoja kwamba ni saa ya Howdy Doody. Watoto hao waliketi katika ngazi za mbao pembeni mwa jukwaa, na mahali hapo palipata jina lake na kuwa mashuhuri.

Kati ya wahusika wa mchezo huo alikuwamo chale mmoja aitwaye Clarabell. Huyu hakusema. Alikuwa na sanduku lililofungwa kiunoni lenye honi, moja ya kujibu ndiyo na nyingine ya kujibu siyo, na alikuwa na chupa ya soda ambayo kwayo alimrushia Buffalo Bob maji usoni. Mwigizaji wa kwanza aliyevaa nguo za Clarabell alikuwa Bob Keeshan; aliondoka mwaka 1952, wakafuata wengine, na wa mwisho alikuwa Lew Anderson. Nafsi iliyokuwa ndani ya nguo ilibadilika, lakini ububu ulibaki. Kwa miaka karibu 13, kila siku ya mchezo, maswali yaliulizwa na honi zikajibu.

Tarehe 24 Septemba 1960 kilionyeshwa kipindi cha mwisho. Kwa muda wote wa kipindi hicho ilielezwa kwamba Clarabell alikuwa na jambo kubwa la kushangaza ambalo alikataa kulitoa. Mwishoni siri ikafichuka: Clarabell aweza kusema. Buffalo Bob akamsihi aseme, kwa kuwa hapatakuwa tena na siku nyingine. Ngoma ikapigwa, kamera ikausogelea uso wa chale, na kwa sauti iliyokaribia kuwa mnong'ono akawaaga watoto kwa maneno mawili tu. Mchezo ukaisha hapo.

Tukilitazama tukio hili kwa macho ya mhakiki, tunaona kwamba maneno yale mawili hayana uzito wowote yakisimama peke yake. Kila mtu huaga. Uzito wao wote ulitoka katika kimya kilichotangulia, na kimya hicho kilikuwa mzaha. Ni kana kwamba kwa miaka 13 watungaji waliweka akiba kidogo kidogo bila ya kujua wanaiwekea nini, kisha wakaitumia yote kwa siku moja. Aidha tunaona kwamba mzaha wa takriri unapovunjwa hauchekeshi tena. Mapatano yamekwisha, na mtoto hutambua, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba kitu alichodhani ni cha milele kilikuwa na siku zake.

Keeshan hakuiacha kazi ya watoto. Tarehe 3 Oktoba 1955 alianzisha Captain Kangaroo katika shirika la CBS, mchezo ulioendelea hapo hadi 1984. Humo mlikuwa na Sungura wa kikaragosi, naye pia hakusema, ambaye kila mara alimhadaa Kapteni na kumnyang'anya karoti. Mlikuwa pia na mnyama aitwaye Mr. Moose, ambaye alibisha hodi kwa mafumbo, na Kapteni alipofika kwenye jibu la fumbo, mipira midogo ya mpira wa meza ilimwagika juu ya kichwa chake. Kapteni hakujifunza kamwe. Kwa hakika hilo ndilo lililokuwa sharti la mchezo: mtu mzima asijifunze, ili mtoto apate kuwa mwerevu. Fisi wetu naye hajifunzi kwa sababu hiyo hiyo.

JINA LINALOKOSEWA

Tarehe 10 Novemba 1969 ulianza mchezo wa Sesame Street, uliotungwa na kundi la Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett kwa nia ya kuwafundisha watoto wadogo herufi na hesabu kabla ya kwenda shule, hasa watoto wa maskini wa mijini. Vikaragosi vyake viliundwa na Jim Henson na wenzake. Kwa kuwa nia ilikuwa kufundisha, takriri haikuwa tena ya kuchekesha tu. Ilikuwa njia ya kufunza. Herufi moja ilirudi mara nyingi katika kipindi kimoja, na mizaha iliyoizunguka ilirudi pamoja nayo.

Mmoja kati ya mizaha hiyo ulihusu jina la mwenye duka. Duka la mtaa huo lilikuwa la mzee aitwaye Bwana Hooper, aliyeigizwa na Will Lee, mwigizaji na mwalimu wa uigizaji ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa amefungiwa milango ya kazi kwa sababu za kisiasa. Big Bird, ndege mkubwa wa manjano mwenye akili ya mtoto wa miaka 6, aliyeigizwa na Caroll Spinney, hakuweza kulitamka jina la Hooper sawasawa. Leo alimwita Looper, kesho Cooper, na mzee akamsahihisha kwa kukereka kidogo. Yaliyomo katika mzaha huu ni machache sana: ni sauti moja tu mwanzoni mwa neno. Lakini kila mtoto anayejifunza kusoma anajua jinsi sauti moja inavyoweza kukataa kukaa mahali pake, na hapa alimwona mwenziwe akishindwa bila ya kupigwa wala kudharauliwa. Kusahihishwa kwenyewe kulikuwa ni namna ya kupendwa.

Will Lee alifariki tarehe 7 Desemba 1982, akiwa na umri wa miaka 74. Watungaji walikuwa na njia kadhaa mbele yao. Wangeweza kumtafuta mwigizaji mwingine, kama alivyofanyiwa Clarabell. Wangeweza kusema kwamba mzee amehama. Waliamua kusema kwamba amekufa. Baada ya kushauriana na wataalamu wa malezi na saikolojia ya watoto, kipindi kiliandikwa na Norman Stiles, nacho kikaonyeshwa tarehe 24 Novemba 1983. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, na ilichaguliwa kwa makusudi ili wazazi wawe nyumbani pamoja na watoto wao.

Katika kipindi hicho Big Bird amewachorea picha watu wazima wote wa mtaa. Anazigawa, kila mmoja anapokea yake, na inabaki ya Bwana Hooper. Anasema atampa atakaporudi. Watu wazima wanatazamana, kisha wanamweleza kwamba mtu akifa harudi. Ndege anauliza maswali ya mtoto: nani atamtengenezea vinywaji vyake, nani atamsimulia hadithi? Anapouliza kwa nini lazima iwe hivyo, Gordon anamjibu kwamba ni kwa sababu tu ndivyo ilivyo. Jibu hili halikuzuka tu. Mwanzoni mwa kipindi Big Bird mwenyewe alikuwa akitembea kichwa kikiwa katikati ya miguu, na Gordon alipomwuliza sababu, alijibu maneno hayo hayo, na yakachekesha. Katika muda wa chini ya saa moja watungaji wameunda mzaha, wameurudia, na katika kuurudia wameugeuza kuwa jambo zito lisilo na jawabu.

Lakini kilele ni pale Big Bird anapoitazama picha na kusema kwamba atamkosa Bwana Looper. Watu wazima, wengine wakitokwa na machozi, wanamsahihisha: jina ni Hooper. Huu ni mzaha ule ule wa miaka mingi, kwa maneno yale yale, isipokuwa aliyekuwa akisahihisha hayupo, na kazi yake imechukuliwa na jamaa waliobaki. Tungeweza kuandika kurasa nyingi juu ya matanga na maana yake, na tusiseme zaidi ya hili lililosemwa hapa kwa kosa la herufi moja. Aliyekufa huacha mahali pake, na walio hai hupasimamia. Tutambue pia kwamba Big Bird hakulitamka jina vyema siku hiyo. Mtunzi asiye na kipawa angemfanya alitamke sawasawa, ili aonyeshe kwamba msiba umemkomaza. Stiles alimwacha akosee, na kwa kufanya hivyo aliyaheshimu mapatano hata mbele ya mauti.

RAFIKI ASIYEONEKANA

Mfano wa tatu unatoka katika mtaa huo huo, lakini mwisho wake ulitokana na sababu nyingine. Mwaka 1971 Big Bird alipata rafiki, mnyama mkubwa wa manyoya ya rangi ya kahawia, mwenye mkonga mrefu unaoburura ardhini, jina lake Snuffleupagus. Watoto waliokuwa wakitazama walimwona. Watu wazima wa mtaani hawakumwona. Kila walipokaribia, mnyama alikuwa amekwisha kuondoka, ama kwa haya, ama kwa haraka, ama kwa kupita upande wa pili wa ukuta. Big Bird aliwaeleza, nao wakatabasamu wakamwambia kwamba ana mawazo mapana. Mzaha huu ni lile zimwi la nyuma la jukwaa la Kiingereza, ila sasa watazamaji walikuwa wakipiga kelele mbele ya kioo, na hakuna aliyewasikia.

Mzaha huu ulidumu kwa miaka 14. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 baadhi ya watu wazima katika mchezo walianza kumsadiki Big Bird hata bila ya kumwona rafiki yake. Sababu haikuwa ya kisanaa. Katika miaka hiyo vipindi vya habari vya Marekani vilikuwa vikitangaza kwa wingi taarifa za watoto walionajisiwa na watu wazima, na jambo moja lililojitokeza ni kwamba baadhi ya watoto hao walikuwa wamesema na hawakusadikiwa, au walinyamaza kwa kudhani hawatasadikiwa. Watungaji wakalazimika kujiuliza mzaha wao umekuwa ukifundisha nini kwa muda wote huo. Mtoto aliyetazama kila siku alimwona mwenziwe akisema kweli tupu, tena mbele ya watu wema wanaompenda, na kila siku akaambiwa kwamba ametunga.

Tarehe 18 Novemba 1985 mzaha ukakomeshwa. Big Bird aliwekeana na watu wazima neno la siri la kuwaita. Alipolitamka kwa ukelele, kikaragosi mdogo mwekundu Elmo aliushika mkonga wa Snuffleupagus asipate kuondoka, akatupwa huku na huku, lakini hakuuachia mpaka watu wakafika. Wakamwona. Waliomba radhi mmoja mmoja, na Bob akamwahidi Big Bird kwamba tangu siku hiyo watamsadiki kila atakapowaambia jambo.

Wapo waliosikitikia uamuzi huo, wakisema kwamba mtoto amenyang'anywa siri yake, na kwamba kila mtoto ahitaji rafiki ambaye wazazi hawamwoni. Hoja hii ina uzito wake, na mwanafunzi wa hadithi hawezi kuipuuza, kwa kuwa hadithi nyingi nzuri zimejengwa juu ya mlango ambao watoto tu ndio wanaoweza kuupita. Hata hivyo inasahau jambo moja. Snuffleupagus hakuwa ndoto ya Big Bird. Watazamaji walimwona kwa macho yao. Basi mzaha haukuwa juu ya uwezo wa mtoto wa kubuni, bali ulikuwa juu ya ukaidi wa mkubwa wa kutosikia. Kisa kijulikanacho sana katika vitabu vyetu vya shule ya msingi, ambacho asili yake ni ngano za Kigiriki za Esopo, husimulia juu ya mchungaji aliyepiga yowe la uongo hata siku ya ukweli hakuna aliyekuja. Ngano hiyo imesimuliwa kwa upande wa wakubwa: kosa ni la mtoto. Kisa cha Snuffleupagus ni kinyume chake. Mtoto hakusema uongo hata mara moja, na hata hivyo hakuna aliyekuja. Kwa maoni yetu, watungaji walifanya vyema kumaliza.

Ni muhimu tuone kwamba hakuna kipindi kimoja ambacho kingeweza kushutumiwa. Ukikichukua chochote kati ya vipindi hivyo na kukitazama peke yake, utaona kichekesho kisicho na hatia. Ubaya haukuwa katika mzaha, ulikuwa katika takriri. Jambo lisemwalo mara moja ni mzaha, na lisemwalo kila siku kwa miaka 14 ni mafundisho.

MTOTO ASEMAYE "SIJUI"

Mfano wa mwisho unatoka Kanada. Tarehe 3 Februari 1979 kituo cha CJOH cha Ottawa kilianza kuonyesha mchezo ulioitwa You Can't Do That on Television, uliobuniwa na Mwingereza Roger Price. Waigizaji wengi walikuwa watoto. Mwigizaji mmoja wa makamo, Les Lye, alicheza karibu wanaume wazima wote: baba, mwalimu, mpishi wa baga zisizolika, hata kamanda wa kikosi cha kuwapiga watoto risasi ambao kila siku walimhadaa wakaponea. Mtu mzima katika mchezo huu hakuwa mjinga mpole kama Kapteni Kangaroo. Alikuwa mkali, mchafu na mwenye kudhulumu.

Mzaha uliojulikana kuliko yote ulikuwa huu: mtoto akitamka kwamba hajui, ute mzito wa kijani ulimwagika kutoka juu ukamfunika. Akitaja maji, alimwagiwa maji. Watoto walijua sheria hii, wakajitahidi kuikwepa, na wenzao wakajitahidi kuwategea maswali ya kuwatoa neno lile. Hapa tunaona mzaha wa takriri katika umbo lake lililo tupu kabisa, neno na adhabu yake.

Ni vigumu kwa mtu aliyekulia katika shule zetu za zamani kuutazama mzaha huu bila ya kutambua ulikotoka. "Sijui" ni neno ambalo darasani lilikuwa na malipo yake, na malipo hayo hayakuwa ute. Kuadhibiwa kwa kutojua ni sehemu ya utoto popote palipo na shule. Katika Crackerjack vilevile, mtoto aliyekosea jibu alipakatishwa kabichi aishike pamoja na zawadi zake. Mchezo wa Ottawa uliichukua hofu hiyo ukaikuza hata ikawa upuuzi, na katika kuifanya upuuzi ukaipunguzia makali. Utamaduni wetu nao umelikabili jambo hili, kwa njia iliyo ya upole zaidi. Katika kutegeana vitendawili, aliyeshindwa hatukanwi wala hapigwi, bali huombwa mji. Huutoa, mshindi akauzuru kwa maneno na kujisifu, kisha jibu likatolewa kwa wote. Kutojua kuna gharama, lakini gharama hiyo hulipwa kwa utajiri wa kubuni, na aliyeshindwa huondoka amejua.

Tofauti na mizaha mitatu iliyotangulia, ute wa kijani haukupata mwisho. Mchezo wenyewe ulikoma mwaka 1990, lakini kituo cha Nickelodeon cha Marekani, kilichokuwa kikiuonyesha tangu miaka ya mwanzo ya 1980, kiliuchukua ute na kuufanya alama yake. Ulitiwa katika michezo ya mashindano na katika sherehe za kuwatuza watu mashuhuri, ambamo kumwagiwa ni heshima. Hapo neno la kuuchochea lilikuwa limekwisha kuanguka njiani. Ute humwagika kwa sababu ni wakati wa ute kumwagika. Takriri iliyopoteza kichocheo chake hubaki umbo bila ya maana, kama kiitikio cha wimbo ambao beti zake zimesahauliwa. Na umbo bila ya maana ndilo linalouzika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa halimwambii mnunuzi jambo lolote.

HITIMISHO

Tumeona miisho mitatu na mzaha mmoja ulionyimwa mwisho. Kimya cha Clarabell kilivunjwa mwaka 1960 ili kuaga. Kosa la jina la Hooper lilirudiwa mwaka 1983 ili kuomboleza. Siri ya Snuffleupagus ilifunuliwa mwaka 1985 ili kulinda. Ute wa Ottawa haukumalizwa, ukageuka bidhaa. Katika mifano yote hii jambo lililoonekana dogo na la kipuuzi lilikuwa limebeba, kwa nguvu ya kurudiwa, mzigo ambao hotuba ndefu isingeweza kuubeba.

Jambo hili si geni kwetu, wala halituhusu kwa mbali. Watoto wa Kenya walitazama Vitimbi ya televisheni ya taifa pamoja na wazazi wao, ingawa haikutungwa kwa ajili yao, wakajifunza humo jinsi mke na mume wanavyogombana. Katika karne hii vichekesho vya watoto vimeanza kutungwa hapa hapa. Tinga Tinga Tales, ambayo michoro yake ilitengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilizichukua hadithi za usuli za Kiafrika zinazoeleza mnyama fulani alipataje umbo lake. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2014, inafunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Watungaji wa kazi kama hizi wana takriri ya mtambaji mikononi mwao, na ni urithi mkubwa.

Kwa hiyo mhakiki wa michezo ya watoto hana budi kubadili namna yake ya kutazama. Kukitazama kipindi kimoja na kuuliza kina funzo gani hakutoshi, kwa kuwa funzo lililowekwa mwishoni mwa kipindi husikika mara moja tu. Yampasa aorodheshe mambo yanayorudi: nani hudanganywa kila mara, nani huadhibiwa kila mara, nani husema kweli kila mara na hasadikiwi. Huko ndiko mtoto anakofundishwa, huku akicheka. Nao wanaozikusanya hadithi zetu na kuzitia vitabuni wasiyafute marudio kwa kuhofia kumchosha msomaji, maana wakiyafuta, msomaji hatajua ni kitu gani mtoto yule wa jikoni alikuwa akikingojea.